Jiwe Lililotangulia Ushauri

Sogeeni mbele, wapendwa, viti vya mbele havina miiba. Na ninyi wazee wa kanisa, msijifiche nyuma ya nguzo, leo nina neno lenu. Mmeamka salama? Haya.

Nawapa kisa cha mwanasheria mmoja wa serikali. Msihangaike kumtafuta, hayupo. Nimemtunga mwenyewe jana nikimenya viazi. Huyu bwana alianzia kazi wilayani, akiitetea halmashauri kwenye kesi za mipaka ya viwanja na za ng'ombe waliokula mahindi ya shule. Mkweli, mchapakazi, na kucheka anajua. Akapanda taratibu, akaandika miswada ya sheria, na mwishowe akaitwa wizarani kuwa mshauri wa waziri. Kijijini kwao walichinja mbuzi! Mama yake alizunguka nyumba hadi nyumba: "Mwanangu ndiye anayemwambia waziri la kufanya!"

Thubutu! Kazi yenyewe haikuwa hivyo.

Mawaziri walikuja, wakaondoka, na kila mmoja alimwita kwa maneno yaleyale: "Mwanasheria, karibu, nishauri." Naye anaketi, anafungua kinywa, na kabla hajafika mbali anaambiwa, "Vizuri sana, ila mgeni rasmi ameshaalikwa." Ushauri unaombwa Jumatatu, uzinduzi ni Jumanne. Aliwahi kusema kituo cha mabasi kisijengwe kwenye kiwanja chenye kesi mahakamani. Kikajengwa, kikapakwa rangi, na mahakama ikaamuru kibomolewe. Sikio la kufa halisikii dawa.

Akilalamika nyumbani, mkewe anamcheka. "Mume wangu, wewe ni msimamizi wa harusi. Suti unavaa, picha unapigwa, lakini hakuna anayekuuliza kama bibi harusi anafaa."

Anacheka naye, lakini moyoni inamuuma. Alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kustaafu, na kila akipiga magoti ombi lake lilikuwa hilohilo: "Bwana, kabla sijarudi kulima migomba yangu, nisikilizwe japo mara moja." Mara moja tu, jamani. Ni ombi kubwa hilo?

Basi akateuliwa waziri mpya, mama mmoja mwenye sauti ya kengele, mwenye haraka zake. Huyu akataka soko la mji litoke barabarani, lijengwe upya bondeni. Na bonde lenyewe ndilo mto unaloingia kila masika bila kubisha hodi, mji mzima unajua. Tena sheria inasema wafanyabiashara wasikilizwe kwanza, wasihamishwe kama magunia.

Asubuhi ya kuitwa, mkewe alimnyoosha kola ya shati. "Leo nyamaza, baba. Huyu mama hana simile. Atakuhamishia kusikojulikana ukastaafie huko."

"Nitanyamaza," akasema mwanasheria.

Waziri akampakia kwenye gari hadi bondeni. Kufika, maturubai yameshafungwa. Akina mama wamevaa sare za kitenge, pilau inanukia mpaka ng'ambo. Vijana wawili wakafungua buti ya gari, wakashusha kitu kizito kilichofunikwa kitambaa. Wakafunua. Lilikuwa jiwe la msingi, limechongwa jina la waziri kwa herufi za dhahabu na tarehe ya siku hiyohiyo.

Ndipo waziri akageuka. "Haya, mwanasheria. Nimekuleta hapa unishauri. Soko tujenge hapa, tusijenge?"

Mwanasheria akalitazama jiwe. Akamtazama waziri. Akalitazama tena jiwe, na cheko likampanda. Wala hakikuwa kicheko cha kejeli, ni kile kinachomshika mtu msibani bila ruhusa yake. Alicheka mpaka miwani ikadondoka.

"Unacheka nini?"

"Nisamehe, Mheshimiwa. Jiwe limeshachongwa. Hukuniita nikushauri, umeniita nikusindikize."

Mpishi mwiko ukamgandia mkononi. Mwanasheria mwenyewe akajua leo ndiyo leo, kazi imekwisha. Mliokaa hapa, wangapi mngemwambia bosi wenu hivyo? Shusheni mikono, mko kanisani, msiseme uongo.

Waziri akamkazia macho, kisha sauti ikashuka. "Na kama nisingelichonga, ungeniambia nini?"

Mwanasheria akaokota miwani yake, akaivaa. Miaka yote ya utumishi wake hakuna aliyewahi kumuuliza swali hilo! Akamwaga yote: habari ya mto, habari ya sheria, habari ya mama muuza nyanya mwenye mtoto mgongoni na maji yanakuja. Akamwonyesha ukuta wa kibanda cha jirani, na mstari wa tope ulioachwa na masika yaliyopita. Ulikuwa juu ya kichwa cha waziri. Waziri alilazimika kuinua uso ili auone.

"Sasa jiwe hili nitalipeleka wapi?" akauliza polepole. "Lina jina langu."

"Ligeuze tu, Mheshimiwa. Upande wa pili bado haujaandikwa."

Waziri akatabasamu, kisha naye cheko likamkamata. Jiwe likageuzwa! Pilau haikutupwa, wakaitwa watu wa soko waje wale na waseme, wakala, na jamani, wakasema! Soko likajengwa juu, karibu na barabara. Masika yalipokuja, mto uliingia bondeni ukakuta hakuna mtu. Siku ya kulifungua soko, mwanasheria akiwa ameshastaafu, akina mama walimfunga kitenge kiunoni wakamchezesha kuanzia kwenye dagaa mpaka kwenye vitunguu, na mkewe akipiga vigelegele nyuma yake: "Leo msimamizi kaulizwa!"

Mnacheka. Mmempenda, naona. Na kila mmoja hapa anajisemea, mwanasheria ni mimi, nasema kweli na hawanisikii. Pole sana, mpendwa. Mwanasheria si wewe. Sisi ndio waziri.

Ndiyo, sisi! Kila asubuhi tunamwita Mungu, "Bwana, niongoze," na jiwe liko kwenye buti. Wanakuja kwangu vijana wawili: "Mchungaji, tuombee tujue kama ni mapenzi ya Mungu tuoane." Nawaombea kwa machozi, na kadi za michango zimeshafika mpaka Mwanza! Mwingine anafunga na kuomba aonyeshwe kama amsamehe ndugu yake, na namba ya huyo ndugu ameshaifungia kwenye simu. Tunamwita Mungu atushauri, au atusindikize?

Lakini furahini, kwa sababu Yeye hachoki kuitwa. Anangoja tu lile swali moja, "Kama nisingelichonga, ungeniambia nini?" Ukimuuliza kwa moyo, hakuambii ulivunje jiwe lako na jina lako. Anakuambia uligeuze, akuandikie upande wa pili.

Sasa, kamati ya ujenzi. Jioni hii mmetuitia maombi, tumuulize Mungu tuanze na ukumbi au tuanze na zahanati. Amina, nimefurahi. Ila nikija asubuhi nimepita nyuma ya kanisa, nikakuta kiwanja cha ukumbi kimeshapimwa na mchanga umeshamwagwa. Mzee mwenyekiti, usiangalie chini, tunakupenda. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mchanga unazoleka. Kwa hiyo jioni kila mtu aje na Biblia yake, na aje na koleo.