Bi Nguchiro na Simba Aliyependa Kutazamwa

Nyasi zimelala!
— Upepo, ziamshe!
Ziamke zione nini?
— Zione yaliyokuwepo!

Basi palikuwepo hifadhi pana, pana hata twiga aliyesimama upande wa pili alionekana mwembamba kama kijiti cha kiberiti. Mwaka huo kiangazi kilirefuka. Mazigazi yalielea juu ya mbuga, na mbingu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Kati ya mabwawa yote lilibaki moja, na hilo moja lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Simba. Alilala ukingoni tangu alfajiri hadi machweo. Swala akija, "Nguruuu!" Swala hukimbia. Pundamilia akija, "Nguruuu!" Pundamilia hukimbia.

Bi Nguchiro, mnyama mdogo mwenye miguu mifupi na macho yasiyochoka, alikuwa na watoto wanne ndani ya kichuguu. Siku ya tatu bila maji, mdogo wao hakuwa na nguvu hata ya kulia. Mama yao akaenda bwawani.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Usisogee."

"Wanangu wanaomba tone moja tu."

"Nikikupa wewe tone, kesho Nyati ataomba pipa. Potea!"

Bi Nguchiro akapotea. Hakulia. Alikaa juu ya kichuguu chake akiyatazama magari ya wageni yakipita mbali, kimyakimya, kama mashua ndani ya moshi. Alikuwa ameyatazama kwa miaka mingi, naye alijua jambo moja kuyahusu: likisimama moja, yote husimama.

Asubuhi iliyofuata alipanda juu ya jabali lililokuwa mbali na bwawa. Akasimama kwa miguu ya nyuma, akakunja mikono kifuani, akakazia macho kichaka kisicho na kitu.

Gari la kwanza likaja, vuuu! Likasimama. Dereva wake, Ndekirwa, akashika darubini. Gari la pili likaja, vuuu! Likasimama. La tatu likaja, vuuu! Nalo likasimama. Redio ya gari ikakoroma.

"Ndekirwa, kaka, umeona nini hapo?"

"Bado sijui. Kuna nguchiro anatazama kitu."

"Chui?"

"Mimi sijasema chui."

"Jamani, njooni! Ndekirwa ana chui na anatuficha!"

Kufumba na kufumbua, magari yalikuwa kumi na manne, na vumbi la rangi ya asali lilifunika jabali. Kacha! Kacha! Kacha! Wageni wakapiga picha kichaka.

Saa tano Bi Nguchiro akapita karibu na bwawa, akijifanya ana haraka.

"We kibushuti!" Simba akaita. "Wale wamejaa pale kwa ajili ya nani?"

"Kwa ajili yako, Bwana Mkubwa. Wamevuka bahari kuja kukuona. Kwa kuwa hukuwapo, wamepiga picha mgongo wangu."

"Mgongo wako!"

"Na sasa wanasema heri wakamtazame Chui."

Simba hakungoja neno la pili. Akatoka mbio, akapanda jabali, akatikisa manyoya ya shingo. Kacha! Kacha! Kacha! Hakuwa amewahi kusikia sauti tamu kama hiyo.

Saa saba koo likamkauka. Akateremsha mguu mmoja.

"Ukishuka, watakwenda kwa Chui," akanong'ona Bi Nguchiro kutoka chini ya jiwe.

Simba akaurudisha mguu.

Saa nane akateremsha mguu tena.

"Watakwenda kwa Chui."

Akaurudisha.

Saa tisa hakuteremsha kitu. Jua lilimlemea, milio ya kamera ilimbembeleza, na usingizi ukamchukua.

Hapo wanyama wakatokea ndani ya mazigazi, mmoja mmoja, kama wanaotembea juu ya hewa. Swala wakanywa. Pundamilia wakanywa. Bi Nguchiro akafika na wanawe wanne. Yule mdogo alibebwa na mama yake kwa meno. Akamweka ukingoni. Mtoto akachovya kidevu, akapiga chafya, akachovya tena, kisha akanywa. Lap, lap, lap.

Kule jabalini, Simba alikuwa akiota, na ulimi wake ulilamba hewa. Lap, lap, lap.

"Anafanya nini?" akauliza bibi mmoja mgeni.

"Anakunywa maji, mama," akajibu Ndekirwa bila kuondoa darubini machoni.

Ikawa hivyo kila siku. Lango la hifadhi likifunguliwa, Simba hupanda jabalini. Likifungwa, hushuka kunywa yaliyobaki. Mvua ilipowasili, hakuna hata mtoto mmoja aliyekuwa amekufa kwa kiu.

Na fundisho, ndugu zangu, ni hili: tuwaheshimu wakubwa wenye moyo wa kutoa. Bila ukarimu wa Simba, wanyama wote wale wangeangamia.

Nami nalifunga lango la hadithi. Aliyetoka na aende salama. Aliyebaki ndani amsalimie Bwana Mkubwa.