Bahasha ya Bwana Mkwizu

Palikuwa na karani wa udahili chuo kikuu, Tausi, msiri kama kufuli. Siku moja akavamiwa na Bwana Mkwizu, tajiri wa mabasi, ambaye mwanawe alikosa nafasi.

"Nipe majina ya wote mliowachukua wakiwa na alama chini ya mwanangu! Nataka uwazi!"

"Alama za mtu ni siri yake, mzee wangu."

"Basi nitakuja na waandishi wa habari!"

"Karibu nao. Orodha nitaifunga kwenye bahasha, uifungue mwenyewe."

Kesho yake alikuja na kamera tatu na tarumbeta, akaichana bahasha kwa mbwembwe. Karatasi ilikuwa nyeupe pe!

"Majina yako wapi?" akafoka.

"Chini ya mwanao hatukuchukua mtu, mzee. Na hilo umelitangaza wewe, si mimi."