Jina Moja Juu ya Mlango

Siku ile tulikuwa watu watano chumbani, na mtoto mmoja. Alikuwapo Asumini, mchoraji wa ramani za nyumba. Alikuwapo Faraji, mpimaji, mwenzake wa kazi. Alikuwapo Mzee Nambunga, mfanyabiashara wa korosho, aliyetaka kujenga. Alikuwapo Bi Somoe, mshenga wa ndoa. Na nilikuwapo mimi, niliyewapelekea chai na vitumbua, nikiwa na mwanangu Jabu wa miezi saba. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nina swali, na sitalijibu mimi.

Asumini alijaliwa mkono. Akikuchorea nyumba, unaona hata mahali utakapoweka kigoda chako.

Faraji alijaliwa macho. Akisimama kwenye kiwanja kitupu anajua maji ya mvua yatapita wapi, na jua la saa tisa litachoma ukuta gani.

Bi Somoe alijaliwa mdomo, hasa namna ya kuufunga. Ndoa alizozisimamia hapa Newala hata mwenyewe hajui idadi yake.

Lakini Asumini na Faraji walikuwa na ugonjwa mmoja: hawakujua kumkatalia mteja. Mteja hajamaliza kusema, Asumini ameshamjibu, "Hamna shida." Faraji yeye hucheka, na akicheka ujue amekubali. Mwaka wa nyuma walimchorea mtu duka la dawa lenye madirisha manane. Mwenye duka akaziba sita apate pa kuweka rafu. Ndani kukawa tanuri, na watu wakawasema wachoraji. Asumini alilia siku mbili.

Ndipo ikaja kazi ya Mzee Nambunga. Alitaka kujenga nyumba ya kusubiria, karibu na hospitali, ili mjamzito wa kijiji cha mbali aje akae pale wiki zake za mwisho, uchungu ukimshika asiwe njiani. Kazi hii hawakutaka iharibike. Wakaenda kumwomba Bi Somoe awasemee kwenye mkataba.

"Mimi nasimamia posa, wanangu," akawaambia. "Mambo ya ramani nayajulia wapi?"

"Ni yale yale, Bi Somoe," akasema Faraji. "Sisi ni upande wa binti. Tunaona haya."

Akacheka, akakubali. Ujira wake ukawa doti mbili za khanga, kama anavyopewa harusini.

Asumini alichora baraza ndefu inayotazama barabara. Aliniambia, "Anayesubiri awaone watu wake tangu wakiwa mbali." Mimi Jabu nilimsubiri nimekaa kwenye korido ya hospitali, natazama ukuta.

Faraji alikwenda kiwanjani siku tatu za mvua, na mwavuli wake uliokatika mbavu. Kwetu maji tunayahangaikia. Akalilaza paa lote upande mmoja, mvua yote iingie kwenye tangi la chini ya ardhi, bomba lake likiwa hatua nne tu kutoka vitandani. "Hapa mjamzito hatajitwisha ndoo," alisema.

Na Bi Somoe? Siku ile ya mkataba, kabla Mzee Nambunga hajafika, aliwapa Asumini na Faraji pipi kifua, kila mtu moja. "Mumunyeni. Msitafune. Ikiisha mdomoni nyoosha mkono nikupe nyingine. Sitaki kusikia 'hamna shida' ya mtu." Kisha akanigeukia. "Mama Jabu, nipe huyo mjukuu, wewe unywe chai yako kabla haijapoa." Tangu nijifungue, ilikuwa chai ya kwanza niliyoinywa ya moto.

Mzee Nambunga akaja, akakaa, akasoma karatasi. "Mchoro nikishaulipia ni wangu," akasema. "Naugeuza nitakavyo. Hii baraza ni kubwa mno. Nusu yake nitaizungushia ukuta iwe stoo yangu ya korosho."

Shavu la Asumini likacheza. Faraji akaanza kucheka, akapaliwa na pipi. Bi Somoe hakusema kitu. Alimbembeleza Jabu polepole, na Mzee Nambunga, akiogopa kumwamsha mtoto, akaanza kuongea kwa sauti ya chini. Kisha naye akanyamaza. Kimya kilikaa mpaka akawa ndiye anayetafuta la kusema.

"Mbona hamjibu?"

"Mzee," akasema Bi Somoe, "ulitoa mahari kwa mama watoto?"

"Nilitoa, na walinikamua kweli kweli!"

"Baada ya kutoa, ukapata ruhusa ya kumkata mkono?"

Mzee akacheka. "Wewe mama wewe!"

"Baraza ni mkono wa nyumba hii. Anayefika anapokewa nao."

Mzee akaivuta ramani karibu yake. "Haya. Baraza ibaki. Mchoro sitaugusa bila kuwauliza. Mmeridhika?"

Asumini tayari alikuwa anainuka kumshukuru. Bi Somoe akamshika khanga, akamketisha. "Bado moja. Binti akiolewa habadilishi ukoo, hubaki na jina la kwao. Na nyumba hii ipate jina kutoka kwa hawa walioizaa, liandikwe juu ya mlango."

Hilo hakuna aliyelitegemea. Asumini na Faraji hawakuwa wamelitaka, hata kuliwaza.

"Jina moja," akasema Mzee. "Nyumba yangu si daftari la mahudhurio. Na wasiponiletea hadi siku ya kufungua, nina haki ya kuandika langu."

Yakaandikwa hayo, wakatia saini. Mzee akala kitumbua cha mwisho, akaaga, akaenda zake.

Furaha yao haikumaliza hata birika la chai. Asumini alisema, "Itaitwa Nyumba ya Sofia," na papo hapo Faraji alisema, "Itaitwa Nyumba ya Salima." Wakatazamana.

Sofia alikuwa mama yake Asumini. Alishikwa na uchungu kijijini, akapakiwa kwenye baiskeli, akamzaa Asumini kando ya njia, akafia hapo hapo, hospitali hakufika. Picha yake hakuna hata moja. "Watu wananiambia nimefanana naye," Asumini alisema. "Huwa najitazama kwenye kioo namtafuta. Nilitaka siku moja tu nisome jina lake mahali."

Salima alikuwa mtoto wa kwanza wa Faraji. Aliishi usiku mmoja, akafa kabla siku ya kupewa jina haijafika. Jina walikuwa nalo mkewe na yeye, wamelichagua, wamelitunza. "Hatujawahi kumwita nalo," Faraji alisema, na safari hii hakucheka. "Hata mara moja."

Bi Somoe alikuwa bado amempakata Jabu. Akasema taratibu, kama anayeomba radhi, "Mimi ningeomba la Esha."

Esha ni binti yake. Bi Somoe aliyewaposea watu wote alimtafutia bintiye mume, binti akakataa, akaondoka na aliyempenda mwenyewe. Mama akamwambia kwa hasira asirudi. Sasa ni mwaka wa sita. "Nasikia anakaa vijiji vya bondeni," alisema. "Siku moja atakuja kujifungua, hospitali ni hii hii. Akiliona jina lake mlangoni atajua nilishamsamehe, na mimi namwomba anisamehe."

Faraji akafuta macho, lakini akasema, "Bi Somoe, mshenga hula pilau. Hakai kitini pa bibi harusi. Ujira tulikubaliana."

"Kweli, mwanangu, na khanga zangu nazitaka," akajibu. "Lakini mlango huo wenye jina umepatikana nyie mkiwa mnamumunya pipi."

"Bila mchoro ungeposea nini?" akauliza Asumini.

"Na bila maji, nani angekaa humo?" akasema Faraji.

Hakuna aliyepaza sauti. Asumini alimwongezea Bi Somoe chai huku akimpinga. Faraji alinifungulia mlango nilipoondoka na vyombo, bado wakibishana.

Haya, nyinyi mlionisikiliza. Bila mkono wa Asumini nyumba haipo. Bila macho ya Faraji nyumba haikaliki. Bila Bi Somoe, nusu ya baraza ingekuwa stoo ya korosho, na pa kuandika jina pasingekuwapo. Mmoja anamtafuta mama ambaye hakumwona. Mmoja anatamani kuita jina ambalo halijaitwa. Mmoja anamngoja aliye hai, ambaye huenda bado akarudi. Mlango ni mmoja na jina ni moja. Ungepewa wewe brashi na rangi, ungeandika la nani?

Nyumba ilifunguliwa Februari, wenyewe bado hawajakubaliana. Mzee Nambunga alikuwa na haki ya kuandika lake, hakuandika. Mwaka uliofuata nililala pale siku kumi na moja nikimsubiri mdogo wake Jabu, na pale juu ya mlango palikuwa na chokaa tupu.