Mtamba Mmoja, Maparachichi Mia

Sogeeni, na mwenye simu aizime. Mimi sishindani na kengele. Nina mtamba mmoja, ng'ombe jike ambaye bado hajazaa, na wajukuu watatu, na nyinyi ndio mtakaonitoa kwenye kesi hii.

Tusekile ana mkono usio na upendeleo: akipakua nyama, mimi bibi yake napata mfupa kama wengine. Gwakisa ana kichwa cha hesabu, ingawa vifungo vya shati bado vinamshinda. Ambwene ana ulimi mkweli hadi unaudhi. Nilimwuliza kama gauni langu jipya limenipendeza. Nimeshaligawa.

Msimu huu mnunuzi alikuja na lori hapa kwetu Rungwe. Maparachichi ya kijiji kizima yalikuwa ghalani, na yakishachumwa hayamsubiri mtu. Akasema, "Nataka wastani wa parachichi usipungue gramu mia mbili. Nionyesheni, la sivyo nageuza lori." Kuyapima yote moja moja, yangeozea mikononi. Kwa hofu nikatamka mbele za watu, "Atakayetuvusha hapa, mtamba wangu ni wake!"

Mwenyekiti wa kijiji akaanza kuchagua makubwa ya juu ili yapimwe hayo tu, maana kwetu mgeni hapewi dogo. Tusekile akamzuia. "Samahani, baba mwenyekiti, hayo rudisha. Mgeni hajaja kula, kaja kupima." Akajifunga kitambaa machoni, akachokoa kila rundo, juu, katikati na chini, hadi yakatimia mia kikapuni. Mengine madogo kama yai la bata. Watu wakaguna, yeye wala hakugeuka.

Gwakisa akayapima, akapata wastani wa gramu mia mbili kumi na sita. Mwenyekiti akapiga vigelegele kama mama mkwe.

"Bado, baba," Gwakisa akasema. "Tukichokoa mia mengine, namba itabadilika. Tuuzungushie wastani ua, kama uzio wa zizi." Akaangalia yanavyopishana uzito: yakipishana sana ua unapanuka, ukipima mengi ua unabana. Akapunguza gramu nane, akaongeza nane. "Wastani wa ghala zima, tuseme ni kati ya mia mbili na nane na mia mbili ishirini na nne."

"Si useme kati ya mia moja na mia tano?" mwenyekiti akanong'ona. "Hapo hatukosei."

Mnunuzi akasikia, akacheka. "Hapo hata kiatu changu kimo, mzee." Kisha akatukazia macho. "Mna hakika na huo ua wenu?"

Kijiji kizima: "Ndiyo!"

Ambwene: "Hapana."

Nilimfinya. Akaendelea hivyohivyo. "Wastani wa kweli umetulia mahali pake, kama mbuzi aliyefungwa gizani. Sisi ndio tunaomrushia ua. Watu mia wakifanya kama sisi, kila mmoja na maparachichi yake mia, kama tisini na watano ua wao utamzunguka mbuzi, na watano watamkosa. Sisi tuko kundi lipi, sijui."

"Yaani maparachichi tisini na matano katika mia yamo humo kwenye ua?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, mzee. Parachichi mojamoja litakuwa na uzito wowote. Ua ni wa wastani."

Mnunuzi akamwita dereva. "Kila ninakokwenda naambiwa 'hakika', na kila mara narudi na hasara. Hapa nimeambiwa kweli. Pakia!"

Kiwandani mashine ikayapima yote: wastani, mia mbili kumi na moja. Mbuzi alikuwa ndani.

Sasa nyumbani hapalaliki.

"Bila mimi mngepima ukarimu wa mwenyekiti," anasema Tusekile.

"Bila mimi ungebaki na kikapu chako," anajibu Gwakisa.

"Na bila mimi mngemwapia uongo, lori likageuka," anamalizia Ambwene.

Msiniambie nimuuze wagawane. Mama yake huyu mtamba ndiye aliyewanywesha maziwa wote watatu, hauzwi. Wala sitamchinja, si mkate. Na kila alfajiri namkuta ana mafungu matatu ya majani mabichi, kila mjukuu akidhani kaleta peke yake. Mtamba ananenepa, mimi nakonda.

Keshokutwa nimeahidi kukabidhi kamba, na kamba ina ncha moja ya kushikwa. Haya, wewe unayejifanya huangaliwi: ungekuwa mimi, ungeiweka mkononi mwa nani?