Kenge na Mzinga wa Kuzima Jua

Paukwa!

— Pakawa!

Mmeitika kama watu waliotumwa dukani. Tena: paukwa!

— Pakawa!

Haya, sasa hata wa nyuma ameamka. Sogezeni hizo kuni, na wewe toa mguu wako kwenye majivu.

Hapo zamani za kale, wakati watu na wanyama walikuwa wakisemezana na kugombana kwa lugha moja, palikuwa na mji uitwao Kidongo. Watu wa Kidongo walikuwa na sifa moja tu, nayo waliivaa kama kilemba: adabu. Mtu wa Kidongo akiumwa na nge, alimsalimu kwanza ndipo akapiga yowe.

Siku moja Kunguru akashuka kutoka juu, anahema.

"Jamani, huko mbali kuna nyota ya watu wanaoitwa Wazimaji. Jua letu linawapiga machoni wakilala mchana. Wametengeneza mzinga mkubwa kama vilima vitatu. Kesho kutwa, saa kumi jioni, wanalizima!"

Mtaniuliza, Wazimaji hawakuwa na pazia? Walikuwa nalo. Lakini mzinga ulikwisha kutengenezwa, wakaona haya kuuacha ukae bure.

Basi Kidongo walikuwa na chombo cha kupaa angani. Msiniulize kilipaaje, kilipaa. Nahodha wake alikuwa Mwinyimvua, mtu mwenye adabu kuushinda mji mzima. Fundi wa moto alikuwa Nungunungu, ambaye kila alilosema Nahodha aliliunga mkono, ili asiulizwe la kwake. Chombo kilipoanza kunguruma, Kenge akapenya chini ya mlango, akaingia.

"Nani amekualika?" akauliza Nahodha.

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nina mayai kumi na manne kichuguuni, Nahodha. Yamebakiza siku chache tu. Jua likizimwa yatapoa, yatakufa yote. Unataka nikae nyumbani nisubiri? Nisubiri nini?"

Nahodha akakuna kidevu. Kumtupa mgeni nje si adabu. Wakaondoka watatu.

Chombo kikaenda mbio, mbio, mbio. Wakafika kwa Mwezi. Nahodha akaamuru moto upunguzwe.

"Shikamoo, Bibi Mwezi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za Kidongo?"

"Nzuri, Bibi."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na yule mjomba wako wa mguu?"

"Mguu umepona, Bibi. Sasa ni mgongo."

"Maskini! Hebu niambie, ulimwanzaje huo mgongo?"

Kenge akalia, "Nahodha, twende! Jua linazimwa, na mayai yangu yako kichuguuni!"

"Salamu kwanza, jua baadaye," akasema Nahodha.

"Ndivyo," akasema Nungunungu.

Mgongo wa mjomba ukasimuliwa mpaka siku ikaisha.

Siku ya pili chombo kikaenda mbio, mbio, mbio. Wakafika kwa Nyota Mkia, mwanamke wa nywele ndefu zinazowaka, ameinamia chungu chake cha kunde.

"Mtapita mlangoni kwangu bila kuonja? Kwani nimewakosea nini?"

Hapo Nahodha atafanyaje? Wakatua. Wakanawa, wakala, wakashukuru. Wakaongezewa. Wakala tena, wakashukuru tena. Kunde zenyewe, nasikia, zilikuwa hazijaiva.

"Nahodha, twende! Jua linazimwa, na mayai yangu yako kichuguuni!"

"Salamu kwanza, jua baadaye. Na ufute mdomo."

"Ndivyo," akasema Nungunungu, anatafuna.

Siku ya tatu chombo kikaenda mbio, mbio, mbio. Wakafika kwa Wazimaji saa tisa na nusu. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, haukufungwa. Kwa ndani mzinga ulikuwa umeanza kuvuma, mpaka meno yanacheza kinywani. Nahodha akajipangusa vumbi, akanyoosha kofia, akasimama mlangoni.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi wenyewe!"

Kimya.

"Hodi, jamani, hodi!"

Kimya. Mzinga ukavuma zaidi.

Nahodha akageuka. "Nimepiga hodi mara tatu, sikukaribishwa. Anayeingia baada ya hapo ni mwizi. Tugeuze chombo. Tutarudi kesho."

"Ndivyo," akasema Nungunungu.

"Kesho ya jua gani?" akauliza Kenge.

"Usinibishie, wewe Kenge. Mimi marehemu baba yangu hakuwahi kuingia nyumba ya mtu bila kukaribishwa."

"Baba yako alipata kuzimiwa jua?"

Nahodha akanyoosha kofia tena. Kenge hakusubiri jibu. Akausukuma mlango kwa pua, akaingia.

Ndani akawakuta Wazimaji saba, macho yao makubwa kama sinia, wamekaa kuuzunguka mzinga wao. Mkubwa wao ameshika kamba ya kufyatulia.

"Wewe nani?" akauliza yule mkubwa. "Na hao wanaopiga kelele nje ni kina nani?"

"Ni wenzangu. Wanangoja mseme karibu."

"Karibu ya nini? Mlango si uko wazi?"

Kenge hakuwa na nafasi ya kumfundisha. Alikwisha panda juu ya mzinga, akachungulia mdomoni mwake. Vilima vitatu vya chuma vile, na ndani yake mna nini? Mna yai. Yai moja jeusi, si kubwa kuliko nazi iliyofuliwa. Yai la giza lenyewe, likipasukia kwenye jua, kwisha.

Sasa niambieni nyinyi mnaofuga kuku: Kenge akiona yai, hufanya nini?

— Hulila!

Akaingiza kichwa. Akapanua kinywa. Akalimeza zima zima, likashuka kooni taratibu, kila mtu analiona linavyokwenda. Mkubwa akavuta kamba. Mzinga ukatoa upepo, kama mtu aliyeshiba kunde mbichi.

"Umefanya nini?" Mkubwa akapiga kelele. "Yai lile limechukua miaka mia saba kutagwa!"

"Basi tageni jingine," akasema Kenge. "Nitakuja."

Akatoka taratibu, tumbo linaburuzika, baridi imemshika mpaka mkiani.

Mnadhani Kidongo walimpigia ngoma? Walimpigia shauri. Kesho yake tu baada ya chombo kurudi, wazee wakakaa baraza. Nahodha akaeleza yote, hakuficha kitu: jinsi alivyopiga hodi mara tatu, na jinsi Kenge alivyoingia kwa watu bila ruhusa, akala kilichokuwamo, akaondoka bila kuaga. Wazee wakashika vichwa. Wakamsifu Nahodha kwa kuulinda uso wa mji. Wakaamua Kunguru apeleke salamu za kuwaomba radhi Wazimaji. Kunguru akasema bawa linamuuma.

"Kenge," akasema mkubwa wa wazee, "umetuaibisha. Una la kusema?"

"Nina swali, mzee wangu. Hukumu mnaisoma lini?"

"Kesho asubuhi."

"Asubuhi ipo?"

Wazee wakainua macho, wakalitazama jua. Mmoja akakohoa.

"Ipo," akasema mkubwa wao.

"Basi nihukumuni mnavyopenda."

Asubuhi ikaja, kama walivyomwambia, wakamfukuza mjini. Kenge hakulia wala hakutukana. Alikwenda kichuguuni kwake, akalaza tumbo juu ya udongo wa moto, maana lile giza lilimwachia baridi isiyokwisha. Ndiyo maana mpaka leo mkimkuta ameanikwa juani kama muhogo, mwacheni.

Siku ya nne tangu afukuzwe, mayai yakaanza kupasuka. Wakatoka watoto kumi na watatu. La kumi na nne lilikuwa viza. Kenge akaligeuza huku, akaligeuza huku, akalila.

Hadithi yangu imekomea hapo juani. Mimi nakwenda kulala. Mliocheka sana ndio mtakaoosha sufuria.