Kamera Juu ya Meza ya Mapokezi

Ndugu zangu, nisikilizeni kidogo kabla hatujaomba. Palikuwa na fundi wa mitambo katika hospitali moja ya misheni, huko milimani. Simu zote za hospitali ile zilipita kwenye intaneti, na zahanati za vijijini ziliomba gari la wagonjwa kwa njia hiyohiyo. Sauti ikikatika, mgonjwa yuko hatarini. Basi fundi akaitegea tahadhari ruta, kile kisanduku kinachogawa mtandao: sauti ikianza kukwama, yeye apate ujumbe kwenye simu yake.

Wazo jema. Ila alikuwa mtu wa kushuku, hata salamu aliipima kwanza ndipo aiitikie. Akaweka kiwango kikali mno, ruta ilalamike hata kwa kuchelewa kudogo ambako sikio la mtu halikugundui. Ujumbe ukaanza kumiminika. Je, alijiuliza kama kosa liko kwenye kiwango chake? Wapi. Alisema moyoni, "Humu ndani kuna mtu anatuchezea."

Macho yake yakatua kwa dada wa mapokezi, mpokea simu. Kwa nini anatabasamu akitazama simu yake? Kwa nini kanipa mgongo? Huyu anaangalia tamthilia, anatumalizia mtandao. Fundi akafunga kamera juu ya meza ya dada, ikawa inarusha picha kwa intaneti kutwa nzima ili amwone popote alipo. Tahadhari zikazidi. "Ahaa, kashtuka, sasa anafanya makusudi." Akafunga nyingine chumba cha dawa, nyingine jikoni. Sasa sauti zikawa zinakatika kwelikweli.

Akamwendea mganga mfawidhi, mkuu wa hospitali. "Daktari, huyu dada aondolewe kazini." Wakakutana pale mapokezi.

"Kaka yangu," dada akasema, akijikaza asilie, "simu yangu haijawahi kuingia kwenye mtandao huo. Namba ya siri ulikataa kunipa."

"Unajua sana kujitetea," fundi akamjibu.

"Fungua ruta tuone nani anaula mtandao," mganga akasema.

Fundi akafungua kompyuta haraka, kwa kujiamini. Wakaona kamera zake mwenyewe, zimeshika karibu njia yote. Dada hakuwamo. Hapohapo simu ya mapokezi ikaita, dada akapokea, akaiweka wote wasikie. Alikuwa mkunga wa zahanati moja ya kijijini, sauti ikikatikakatika: "Mama... damu... ga..." Fundi akachomoa waya za kamera, na sauti ya mkunga ikaja safi: "Mbona hamtusikii? Tunawapigia tangu asubuhi."

Gari lilitoka. Mama walimkuta hai. Mtoto hawakumkuta hai.

Wapendwa, na sisi je? Mke kachelewa sokoni, tunashuku. Jirani kanyamaza, tunashuku. Mwenzetu kacheka simuni, tayari tumeshamhukumu. Na kadiri tunavyomchunguza ndivyo mambo yanavyoharibika, nasi tunasema, unaona, nilijua tu. Inaniuma, kwa sababu kuna nyumba humu watu wanaviziana mpaka hawasikilizani tena. Nakuona wewe unayemgeukia wa pembeni yako, umwone kama maneno haya yamemwingia. Hiyo nayo ni kamera. Ichomoe, ndugu yangu, maana huenda hata sasa kuna mtu wako anakupigia tangu asubuhi.