Fundi Aliyeacha Sukari

Mfikirieni fundi cherehani mmoja, ndugu zangu, mtu wa kibarazani, anayekula kwa nguvu ya miguu yake. Akikanyaga cherehani, nyumbani kunapikwa. Asipokanyaga, hakupikwi. Basi kidole gumba cha mguu wake kikapata kidonda, na kidonda kikakataa kupona. Akaenda zahanati. Muuguzi akampima damu, akamwambia ana ugonjwa wa sukari.

"Punguza utamu, mzee. Sukari nyeupe iache kabisa. Ukishindwa, basi asali, kijiko kidogo. La sivyo, mguu huu utakatwa."

Fundi aliogopa kwelikweli. Alipofika nyumbani alitwaa kopo la sukari, akampa jirani mbele ya watu. Jioni akarudi na dumu la asali ya msituni, na sukari guru, na tende. Maneno ya muuguzi aliyakumbuka yote, isipokuwa kijiko.

Mke wake akamtazama akimimina.

"Baba watoto, hiyo chai au mzinga?"

"Hii ya asili, mama. Nyuki hana kiwanda."

"Na kidonda?"

"Kitapona. Mimi si mtu wa sukari tena."

Kibarazani akaanza kuwafundisha wenzake. Mteja akija na soda, anakemewa. Jirani akikoroga chai, anaambiwa, "Unajiua hivihivi, bwana!" Watu wakamheshimu. Lakini siku hizo fundi alishona akiwa amevaa soksi, hata jua likiwaka, maana kidonda kilikuwa kimeanza kunuka.

Akarudi zahanati na chupa ya asali mkononi, zawadi kwa muuguzi aliyemwokoa. Muuguzi akapima. Akapima tena.

"Mzee, imepanda kuliko mwanzo."

"Mashine yako mbovu. Sukari sijaigusa."

"Umeweka nini mahali pake?"

Fundi akainua chupa. "Asali. Hata Maandiko yanaisifu."

"Yanaisifu, ndiyo. Lakini damu yako haiulizi utamu umetoka kiwandani au mzingani. Kijiko nilichokuambia kiko wapi? Haya, vua soksi."

Hakuvua. Muuguzi akainama, akamvua mwenyewe.

Kidole kile kilikatwa wiki hiyohiyo, na cherehani ikafunikwa kwa muda mrefu.

Sasa niwaulize: asali ina kosa gani? Haina. Ni chakula chema, na mwenye kuitumia kwa kipimo badala ya sukari nyeupe amechagua vizuri. Fundi alibadilisha chupa, tamaa akaiacha palepale ilipokuwa.

Na sisi je? Si tulisimama hapahapa tukaahidi kuacha kusengenya? Siku hizi hatusengenyi. Tunasema, "Wapendwa, tumwombee dada fulani," halafu tunaeleza kwa nini aombewe, kwa kirefu, na wasikilizaji wanasogeza viti karibu. Tukimaliza kueleza, muda wa kuomba umekwisha. Ndugu zangu, hapo tumeacha nini? Jina la jambo ni jipya, tena ni jina zuri, limo katika Maandiko. Utamu ni uleule.

Ndiyo maana hatuponi, na tunashangaa.

Basi wewe uliyeketi hapo ukimfikiria jirani yako anayekoroga chai, mwache kwanza akoroge. Vua soksi.